Macho Ambayo Kukhu wa Malava Hajayaona

Lurambi, Kakamega
Jumamosi alasiri

Mwanangu Mmbone,

Mama yako ameniuliza mara mbili ninaandika nini, na mara zote mbili nimejifanya sikusikia. Hiyo ndiyo faida pekee niliyopata kwa masikio haya, na ninaitumia vizuri. Wewe uko uani unabishana naye kuhusu blanketi, eti ni zito mno, naye anasema Nyeri uendako kusoma si Kakamega, huko baridi haina adabu. Ninawaona kupitia dirishani midomo ikienda. Sauti siipati, lakini najua nani atashinda.

Humu usitafute habari za kufua, kupika wala kuamka mapema. Hayo umeshaambiwa hadi umechoka. Nakuandikia kwa sababu kesho nyumba itajaa watu na maombi, na kwa sababu kwenye simu nitakuwa nikijibu maswali ambayo hujauliza, kama ninavyowafanyia wanafunzi wangu wa darasa la sita wakaanguka kwa kicheko. Karatasi hainipigii kelele.

Naogopa, Mmbone. Nianze na hilo, lisijifiche nyuma ya mambo mengine. 

Alhamisi ulinikuta na simu mkononi natafuta namba ya yule mama anayesimamia hosteli ya chuo. Nilitaka kumweleza habari za mifupa yako kabla hujafika. Ulininyang'anya simu, kitu ambacho hujawahi kunifanyia, ukasema, "Baba, huko mimi nataka kuwa mtu tu. Hapa kila mtu ananishika kama yai. Wacha niende mahali hawanijui."

"Na ukivunjika?"

"Nitasema niliteleza."

Uliondoka ukaenda kuangalia ng'ombe, na mimi nikabaki nimekaa kama niliyemwagiwa maji. Hukujua umesema nini. Hilo neno ni langu. Nililisema maisha yangu yote kabla hujazaliwa, na sijui ulilipata wapi kama si kwangu, pamoja na hayo mengine uliyoyapata kwangu.

Ngoja nikueleze lilikotoka.

Nikiwa mdogo kule kijijini nilivunjika mkono kwa kurusha jiwe. Sikuanguka. Nilirusha tu jiwe kwenye wembamba wa mto tukishindana, mkono ukarudi ukining'inia. Mwaka mwingine ikawa kidole cha mguu, kisha kifundo, na kila mara nilisema nimeteleza, kwa sababu mtoto aliyeteleza anaeleweka. Ungemwambia nani kwamba umevunjika kwa kurusha jiwe? Wenzangu walinipa jina la Yai. Babangu, ambaye wewe hukumwona, alikuwa akichechemea tangu ujana wake na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alichosifiwa ni macho. Pale ambapo watu wengine wana weupe, yeye alikuwa na rangi ya wingu linalotaka kunyesha. Kukhu, bibi yako mzaa baba, yaani mama yangu huyu unayebeba jina lake hata nakuita mama, bado husema ndiyo yaliyomfanya aikubali posa. Nilipozaliwa na macho hayo hayo, wazee walisema damu haipotei.

Ulipofika msimu wetu wa tohara nilikuwa na hofu moja tu, na haikuwa kisu. Niliogopa kuvunjika mbele ya watu. Unajua mambo yetu. Mvulana anazungushwa nyumba kwa nyumba akicheza, ngoma za isukuti zikilia, na jioni ya mwisho anapelekwa kwa wajomba akiruka na wenzake wakimsukuma ili wamwone kama ana moyo. Binamu yangu mmoja alinipiga kofi la bega, la kawaida kabisa, la kutia nguvu. Nikasikia kitu ndani kikilia kama kijiti kikavu. Niliendelea kucheza. Alfajiri nilisimama mbele ya ngariba nimeinua mikono yote miwili na mfupa wa mtulinga umevunjika, na sikupepesa jicho. Watu walinisifu hadi babangu akalia. Siku hiyo nilijifunza kitu kibaya vizuri sana.

Nilikaa nacho. Nilipomwoa mama yako sikumwambia. Si kwamba nilikusudia kumficha, mwanangu, ni kwamba nilishasahau kuwa ni jambo la kuambiwa mtu. Nilikuwa mkubwa, mifupa ilikuwa imetulia kama inavyotulia mtu akishakua, na nilikuwa na kazi ya ualimu, na macho yaliyosifiwa.

Ukazaliwa wewe. Kukhu alikufunua uso, akapiga kigelegele cha kuamsha jirani. "Macho ya babake! Ya ukoo mzima!" Shangazi zako wakaja kukuangalia zamu kwa zamu. Nilitembea Lurambi nzima nikiwa na kifua mbele. Tulifurahia dalili ya ugonjwa kama watu waliopewa ng'ombe.

Hukuwa umemaliza wiki moja Kukhu alipokuja na karai lake kukuosha na kukunyoosha. Wewe umeona akiwafanyia watoto wa baba yako mdogo Shikuku. Mtoto anapakwa mafuta, anakandwa, mkono huu unavutwa kukutana na mguu ule, kisha anainuliwa juu kwa mikono yake miwili ili viungo vifunguke. Hapa kwetu sote tumepita kwenye mikono ya namna hiyo. "Mtoto asiponyooshwa anakuwanga mlegevu," Kukhu akasema, na alikuwa akikuimbia. Ulilia. Watoto wote hulia wakinyooshwa. Mimi nilikuwa mlangoni, nikasikia kilio chako kikipanda na kubadilika. Nilikaa pale pale mlangoni.

Kukhu alikufunga shuka akakurudisha kwa mama yako. Asubuhi mama yako ndiye aliyegundua mkono wako umevimba na hutaki kuguswa. Twende sasa mahali ambapo sijawahi kukupeleka. Tulikwenda zahanati, muuguzi akakufungua, akaupapasa mkono wako, kisha akainua uso na kutuuliza sote watatu, mimi, mama yako na Kukhu, "Huyu mtoto ameangushwa na nani?"

Kukhu akajibu haraka, "Mimi nilimwosha akiwa mzima." Na alisema ukweli aliokuwa nao.

 Niligeuza shingo nikamtazama mama yako.

Ni hilo tu nililofanya. Hakuna mtu angeweza kunishika kwa kosa la kugeuza shingo. Lakini muuguzi alinifuata kwa macho, na Kukhu pia, na mama yako akabaki katikati ya macho yetu akiwa na siku chache tu tangu ajifungue, maziwa yamelowesha blauzi yake. Alisema, "Mimi? Haki ya Mungu, mimi sijamwangusha." Akarudia. Na mimi niliyevunjika mkono kwa kurusha jiwe, niliyecheza na mfupa uliovunjika, nilisimama pale kama mgeni. Nilijua, Mmbone. Nilijua kwa ile namna mtu anavyojua kitu asichotaka kukiangalia. Niliogopa kwamba nikisema neno moja, watu wangesema ni mimi niliyekuharibu.

Wazee wetu waliketi. Hawakuwa wakali, hilo ndilo baya zaidi, walikuwa wapole. Walisema mke bado ni mdogo, arudi kwao Malava na mtoto akafundishwe kushika mtoto. Mama yako akakubeba akaenda. Mimi nikawasindikiza hadi barabarani.

Walipomrudisha, alikuja na mama yake. Kukhu wako wa Malava alitoka kwao na jogoo chini ya kwapa, jogoo mzuri mwekundu, kuja kuomba msamaha kwa ukoo wetu kwa kulea binti asiyejua kushika mtoto. Mama huyo ni wa enzi ambazo wanawake wetu walikatazwa kula kuku, na hadi leo hamli. Alileta kitu ambacho hata kukionja asingekionja. Jogoo akachinjwa, na mimi kama mwenye nyumba aliyekosewa nikawekewa firigisi kwenye sahani yangu peke yake.

Nikaila.

Sasa nikueleze kwa nini sikuanguka kwa aibu siku ile. Heshima yetu na mama mkwe iliniokoa. Unajua mimi na yeye hatusalimiani kwa mkono, hatuketi chumba kimoja, na hatutazamani usoni. Akija hapa, anaketi upande wa jikoni amejifunika leso, nami napita nimeinamisha kichwa. Watu husema, tazama mwalimu anavyomheshimu mama mkwe. Mimi naijua heshima hiyo ilivyo ndani. Kwa miaka yote ya umri wako mama huyo hajawahi kuyaona macho yangu. Ameyaona yako, ameuguza miguu yako, amekulilia, na hajawahi kupata nafasi ya kutazama yako kisha yangu na kujiuliza swali. Desturi ilinipa pazia, nami nikalishika kwa mikono yote miwili.

Daktari wa Eldoret ndiye aliyelifungua. Ulikuwa chekechea, ulikuwa umeruka ngazi moja tu ya kanisa ukavunjika paja, na walitutuma huko. Wewe unamkumbuka kwa peremende. Mimi namkumbuka kwa tochi. Alikumulika machoni muda mrefu, kisha akanigeukia. "Mwalimu, toa miwani."

Nikatoa.

"Nani mwingine kwenu ana macho haya?"

Nikacheka, nikajipiga kifua kabisa. "Hayo ni macho ya ukoo wetu, daktari. Hata marehemu babangu alikuwa nayo."

Hakucheka. "Na wewe umewahi kuvunjika?"

"Nimeteleza tu mara kadhaa utotoni."

Mama yako alikuwa amekupakata. Aligeuza shingo yake polepole akanitazama.

Daktari alieleza kwa upole, na kwa kuwa nimekaa na maneno yake miaka mingi nitayaweka hapa. Aliniuliza kama nimewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa. Nikasema mimi nimezaliwa ndani ya moja. Akasema mfupa hujengwa hivyo hivyo. Kwanza zinasimamishwa fito, zikafungwa vizuri, kisha udongo unakandikwa juu yake. Udongo ndio ule ugumu wa mfupa tunaoujua, unaotokana na maziwa na dagaa ambao hukuwa ukipenda. Fito ni protini inayoitwa kolajeni. Mtoto akikua, mwili unasimamisha fito mpya kila siku ili mfupa urefuke, na maagizo ya kuzitengeneza yako ndani ya jeni. Walipochukua damu zetu zikapelekwa mbali, jibu lilirudi na jina lake, COL1A1. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Kwangu mimi na kwako nakala moja imenyamaza. Ile nyingine inafanya kazi yake vizuri, fito zake ni nzuri, lakini ni nusu ya zinazohitajika. Nyumba inasimama, inapendeza, watu wanaishi ndani, ila ukiisukuma mahali pabaya inapasuka. Na macho yetu yana rangi ya wingu kwa sababu ule utando mweupe umejengwa kwa fito hizo hizo chache, ukawa mwembamba, na giza la ndani linaonekana kupitia kwake. Huo ndio uzuri wa ukoo.

"Hakuna aliyemwangusha mtoto huyu," daktari alimwambia mama yako. "Angevunjika hata mikononi mwangu."

Njiani kurudi tulipofika Chekalini gari likasimama, mama yako akanunua mahindi ya kuchoma, akanipa moja. Nakumbuka nilifurahi kwamba amenipa.

"Ulijua?"

"Sikujua ni jeni."

"Si hivyo nimekuuliza."

Nikang'ata hindi langu.

"Utawaambia watu wetu wa Malava?"

"Nitawaambia."

"Mimi sitakusemea, baba Mmbone. Wewe ndiye uliniangalia. Wewe ndiye utasema." Akageukia dirisha akala mahindi yake.

Hajanikumbusha tena tangu siku hiyo, na hajawaambia wao. Ndugu zake bado wanaamini kwamba mifupa yako iliharibika kwa sababu aliwahi kukuangusha. Ukivunjika, mjomba wako mmoja bado husema, "Ni lile jeraha la kwanza." Mama yako humimina chai. Nimekuwa nikisema nitakwenda, nitakwenda, nikisubiri kila mara shule zifungwe, mvua ipungue, miwa ivunwe. Mtu mwoga hakosi msimu.

Badala ya kwenda Malava nilikugeukia wewe. Nilidhani nikikulinda vya kutosha nitakuwa nimelipa. Nilikukataza kuruka kamba, nilikukataza mpira, nilikukataza kupanda ule mti wa mapera ambao ulikuwa ukiupanda kila nikiwa kazini. Nilipohamia kufundisha shuleni kwenu niliwaambia walimu wenzangu una shida ya moyo, ili wasikupeleke kwenye michezo, kwa maana hata hapo sikuweza kulitaja jambo lenyewe. Unakumbuka kilichotokea. Habari ilifika kanisani, akina mama wakafunga na kukuombea moyo siku nzima, na mama mchungaji akakuwekea mikono kifuani. Ulirudi nyumbani ukaniuliza, "Baba, kwani moyo wangu nao?" Mama yako alitoka nje ili acheke, akarudi macho mekundu, na sikujua kama ni kicheko kweli.

Na siku ile uliyovunjika mkono ukimsaidia Shikuku kuvuta kamba ya ndama, uliniambia nini? Ulisema uliteleza bafuni. Ulikaa na maumivu usiku kucha ili nisikukataze ng'ombe. Shikuku ndiye aliyenipa ukweli, na mimi nikagomba na Shikuku. Nilipaswa kuogopa hapo, na kuogopa kitu sahihi.

Maana hofu yangu imekuwa ikiangalia upande usiofaa. Naogopa matope ya Nyeri. Naogopa sakafu za bafu za hosteli zenye maji ya sabuni. Ulipochagua upimaji wa ardhi nilikaa siku mbili bila kula vizuri. Katika kozi zote za dunia, umechagua ile ya kubeba mtambo begani na miguu yake mitatu ukipanda milima. Daktari alisema unaweza, alisema dawa uliyokuwa ukitiwa mshipani miaka ile ilisaidia, na kwamba kutembea kunajenga mfupa kuliko kukaa. Nilimsikia, upande wa sikio linalosikia. Lakini mwili wangu hausikii daktari. Ninashika simu hii mfukoni kifuani ili nihisi ikitetemeka, kwa kuwa kengele yake siipati tena. Hata vile vifupa vidogo vya ndani ya sikio, alisema, navyo ni vya fito zetu. Nilalapo naiweka juu ya kifua. Ninaogopa itatetemeka siku nisipoihisi, na wewe uko sakafuni mahali.

Hayo ndiyo niliyoyaogopa hadi Alhamisi. Tangu uliposema "nitasema niliteleza," naogopa jambo kubwa zaidi. Naogopa kwamba utavunjika na kunyamaza. Kwamba utakuwa hodari wa kunyamaza kuliko mimi, kwani wewe katika kila kitu umenishinda. Kwamba siku moja mtu asiye na kosa atasimama mbele ya muuguzi, akatazamwa, na wewe utakuwa umesimama mlangoni. Mfupa wako hupona, nimeuona ukipona kila mara. Niliona pia kisichopona, nimekaa nacho meza moja miaka yote hii, kikinimiminia chai.

Sitampigia yule mama wa hosteli. Namba nimeifuta. Ukitaka watu wasikushike kama yai, una haki, na jina hilo nililichukia kabla yako. Ila nakuomba, na hapa nakuomba si kama baba bali kama mtu aliyepotea njia hii hii, mtafute mmoja. Si tangazo, si mkutano. Binti mmoja wa chumba chenu mwenye akili timamu, umwambie jina la jeni na habari za mifupa yako, umwonyeshe macho, umwambie ukianguka asikuvute kwa mkono. Mmoja tu, mwanangu. Mimi sikuwa na hata mmoja, na nilikuwa na mke.

Na akija kijana, kwa sababu watakuja, macho hayo yanavuta watu kama yalivyomvuta Kukhu, mwambie mapema. Mwambie kila mtoto mtakayempata atakuwa kama sarafu iliyorushwa, nusu kwa nusu. Akikimbia, mwache akimbie akiwa bado na viatu vyake, hajaingia nyumbani. Akibaki, basi siku mtoto atakapolia karai likiwa uani, atakuwa anajua, na hatamtazama mtu.

Kukhu sijamwambia kwamba ni mikono yake. Nimeona haitamsaidia mtu. Alikuwa akiimba. Ukitaka kunilaumu kwa hilo pia, ongeza kwenye mzigo, nafasi ipo.

Sasa nikueleze habari ya kesho, usije ukashtuka.

Watu wa Malava wanakuja kukuaga baada ya ibada. Wajomba zako wote wawili wanakuja, na mama yao. Juzi nilimtuma Shikuku Malava na shuka nzito ya kujifunika, ile ambayo mkwe humpelekea mama mkwe akitaka pazia la heshima liondolewe kati yao. Nilimwambia aombe ruhusa nisimame mbele ya mama nimtazame usoni na kusema jambo. Shikuku aliogopa kuliko mimi. Alidhani atafukuzwa yeye na shuka yake. Alirudi jioni akicheka hadi hawezi kuegesha baiskeli.

"Amesemaje?"

Ilibidi aniambie sikioni, kwa sauti. "Amesema, 'Aje tu. Mimi nimeangalianga viatu vya huyo mwalimu hadi nikajua vimetengenezwa mara ngapi. Mtu akizeeka anachoka kuangalia viatu.'"

Kwa hiyo kesho, watu wakishakula na kabla mchungaji hajaomba, nitasimama. Sijui sauti yangu itakuwa kubwa au ndogo, siku hizi siwezi kuipima. Nikipiga kelele, usinifanyie ishara, niache. Nitakwenda hadi kiti chake, nitavua miwani, na nitamwomba anitazame, kisha akutazame wewe. Nitamwambia mkono ule wa kwanza haukuangushwa na mtu. Nitamwambia ulivunjwa na kitu kilichotoka kwa babangu kikapitia kwangu, na kwamba nilijua hivyo, na jogoo wake nilimla. Nitayasema mbele ya wajomba zako na mbele ya Kukhu na mbele ya wale akina mama waliokuombea moyo.

Halafu nitageuza shingo nimtazame mama yako, kama nilivyofanya siku ile, watu wote wakifuata macho yangu. Safari hii watamwona yeye, na watajua wanamtazama nani.

Mama yako hajui. Atakasirika kwamba sikumwambia mapema avae nguo nzuri.

Nikimaliza, wewe huna deni la kufanya lolote. Ukitaka kwenda Nyeri na kunyamaza, utakwenda, nami nitabeba simu kifuani. Ila ulipojifunza kunyamaza ulijifunza kwa kunitazama, kwa hiyo nakuomba jambo moja la mwisho kabla hujaondoka hapa.   Kesho nikisimama, usiende jikoni kusaidia vyombo, usijifanye unatafuta blanketi.

Kaa mahali ninapoweza kukuona, mama.

Babako